Koti Lipo

Asubuhi hiyo fundi alikuwa anashona kifungo cha shati la sare la mwanawe, na mwanawe yumo ndani ya shati. Ndivyo walivyozoea. Kidoti alikuwa na miaka saba na kipaji cha kupoteza vifungo, kimoja kwa wiki, na mama yake alikuwa na kopo zima la vifungo visivyofanana. Kwa hiyo shati lilikuwa na kifungo cheupe, cha bluu, cha kahawia, na kimoja cha dhahabu kilichodondoka kutoka kwenye koti la mwanajeshi mstaafu asiyerudi kukidai.

"Usicheke, nitakudunga," fundi akasema.

"Sicheki mimi. Tumbo ndilo linacheka."

"Basi liambie tumbo tumebakiwa na dakika nane."

Akakata uzi kwa meno, akachomoa kipande cha kitambaa chekundu chini ya cherehani, akamshika mtoto mkono, wakatoka kwenda kuvuka barabara.

Kuvuka ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Barabara ya Shule ilishuka moja kwa moja kutoka machimbo ya mawe, na malori ya kokoto yalishuka nayo kuanzia alfajiri. Hayakupunguza mwendo, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuyapunguza. Hayakupiga honi, kwa sababu honi ilikuwa marufuku. Mji ule ulikuwa mtulivu, tena mtulivu wa cheti. Miaka mitatu mfululizo ulibeba Kombe la Utulivu kati ya miji midogo yote, na kombe lenyewe lilikaa kwenye kabati la kioo pale manispaa, limefunikwa kitambaa lisije likang'aa kupita kiasi. Kila kona kulikuwa na kibao: USIPIGE HONI, MJI UNAPUMZIKA. Kinyozi alitia mafuta mkasi wake usilie. Mfamasia alifunga duka saa sita mchana, akalala hadi saa tisa, na wagonjwa walimheshimu, wakaendelea kuugua taratibu. Saa kubwa ya pale mzunguko iliganda kwenye saa tisa na nusu, muda wa kutoka kazini, mwaka wa kumi na moja sasa, na wafanyakazi wa manispaa, ambao ni watu wa sheria, kila walipoiona walikwenda nyumbani.

Malori nayo yaligonga watoto kimyakimya. Mwaka ule yalikuwa yamegonga wawili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa muuza mkaa, akazikwa Jumatano. Wa pili alikuwa rafiki wa Kidoti wa dawati moja, na sasa alikaa nyumbani na mguu mmoja, na Kidoti alikuwa anampelekea vipande vya chaki alivyookota darasani. Manispaa ilituma rambirambi, mara zote mbili, na kuwashukuru wazazi kwa kulia kistaarabu.

Fundi akaingia katikati ya barabara, akainua kitambaa chekundu. Nyuma yake watoto wakaanza kuvuka. Mwanzo alikuwa anamvusha wake tu. Sasa walikuwa kumi na mmoja, na walimwita shangazi wote, hata wale asiowajua mama zao. Lori likasimama hatua nne kutoka kwenye kitambaa. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"We mama, unataka kufa?" akamnong'oneza. Kupiga kelele nako kulikuwa na faini.

"Sitaki," fundi akamjibu kwa kunong'ona vilevile. "Ndiyo maana nimesimama."

Watoto walipoisha akakunja kitambaa, akapitia faili lake nyumbani, akaenda manispaa. Ilikuwa safari ya kumi na nne.

Alichokuwa anataka fundi ni matuta matatu. Moja kabla ya geti la shule, moja baada ya geti, na moja pale kwenye kona ambapo madereva hukumbuka kwamba wamechelewa. Faili lilikuwa na saini za wazazi sitini na wawili, mchoro alioupiga mwenyewe kwa chaki ya kukatia nguo, na barua ya mwalimu mkuu. Lilikosa saini moja tu, ya afisa wa barabara, chumba namba tisa.

Dada wa mapokezi alikuwa anapaka rangi kucha. Alikuwa amefika kidole cha nne.

"Fundi, umekuja tena."

"Nimekuja tena."

"Matuta?"

"Matuta."

"Yupo," dada akasema bila kuulizwa. "Koti si unaliona?"

Fundi akaliona. Mlango wa chumba namba tisa uliachwa wazi siku zote ili koti lionekane. Utaratibu wa jengo lile ulikuwa wa zamani na kila mtu aliuelewa: koti likiwepo kwenye kiti, mwenyewe yupo. Huenda yuko msibani, huenda yuko benki, huenda yuko kwenye banda lake la kuku ng'ambo ya mji anaokota mayai, lakini yupo. Chumba cha maji kulikuwa na koti la bluu. Chumba cha ardhi kulikuwa na koti la mistari. Chumba cha afya, sweta. Mkaguzi wa kutoka makao makuu alipokuja aliyahesabu makoti, akaandika mahudhurio asilimia mia moja, akaacha na lake akaenda kula.

Fundi akakaa kwenye benchi. Juu ya benchi palikuwa na bango, SUBIRA HUVUTA HERI, na ubao wa benchi ulikuwa umebonyea sehemu sita kwa ajili ya subira hiyo. Sehemu ya tatu kutoka ukutani ilikuwa ya fundi. Ya pili ilikuwa ya mzee mwenye kofia, aliyefuatilia mtaro ulioziba mbele ya nyumba yake.

"Umeanza lini wewe, mzee wangu?" fundi aliwahi kumuuliza.

"Kofia hii ilikuwa mpya," mzee alimjibu.

Sasa, koti lile la chumba namba tisa fundi alilijua vizuri, kwa sababu alilishona yeye. Afisa wa barabara mjini walimwita Nipo Njiani, maana ndilo jibu alilokupa ukimpigia simu, saa yoyote, kwa lolote. Aliagiza koti kwa simu. Fundi akamwambia aje apimwe. Nipo njiani, akasema. Wiki ikapita. Nipo njiani hapa, nakata kona. Wiki ya pili. Wiki ya tatu akapiga yeye mwenyewe, mkali kama pilipili, anauliza koti liko wapi, sherehe ni Jumamosi. Fundi akafungua daftari lake la vipimo kutafuta mtu wa kumkadiria, na daftari likafunguka lenyewe ukurasa wa kwanza, kama linavyofunguka siku zote, kwenye vipimo vya baba yake.

Baba yake alikuwa tarishi wa manispaa ileile miaka thelathini na moja. Alibeba mafaili na barua ofisi hadi ofisi, mtaa hadi mtaa, na kila alipofikisha kitu aliandika juu yake, kwa mwandiko wa mshazari, neno moja na tarehe: Imefika. Hakuwahi kukaa kwenye kiti kazi ikiwa haijaisha, na kwa kuwa kazi haikuwahi kuisha, kiti chake walikigawa kwa mtu mwingine na hakugundua mpaka siku ya kustaafu. Bega lake la kushoto lilishuka nusu inchi kuliko la kulia kwa sababu ya mkoba. Alipokufa, fundi hakuufuta ukurasa wake. Mkono, inchi ishirini na tano. Kifua, arobaini. Bega la kushoto, punguza.

Basi Nipo Njiani akashonewa kwa vipimo vya marehemu. Akalivaa Jumamosi, likambana hapa, likamlegea pale, akalivua kabla ya hotuba. Jumatatu akalitundika kwenye kiti chake cha ofisini na hakulivaa tena. Lilikuwa zuri la kukaa kwenye kiti, akasema.

Saa mbili na nusu kamili, fundi akiwa amekaa kwenye sehemu yake ya benchi, koti likajinyoosha. Mkono wa kulia ukapanda juu ya meza, ukachukua kalamu.

Fundi akamtazama mzee mwenye kofia. Mzee akamtazama dada wa mapokezi. Dada akapuliza kucha.

"Kumbe leo liko kazini," dada akasema. "Haya ingieni, mmoja mmoja, na msikanyage waya wa feni."

Fundi akaingia, akaweka faili mezani. Koti likalowesha mkono wake kwenye sponji, likafungua ukurasa wa kwanza, likainama. Lilisoma saini zote sitini na mbili, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesalimia watu msibani. Liligeuza mchoro wa chaki likautazama pande zote. Kisha likapanga karatasi zikawa sawa kwa kuzigongesha mezani mara mbili, likaandika mstari mmoja, likachukua muhuri. Kong, kwenye wino. Kong, kwenye karatasi.

Fundi akausoma mwandiko. Ulikuwa wa mshazari. Imefika. Matuta matatu yajengwe Jumatatu.

Hakushangaa. Kitu ukikikata kwa vipimo vya mtu, kina haki ya kufanana naye. Aliangalia mlangoni kama kuna anayesikia, akainama kidogo.

"Baba," akasema. "Kidoti ameanza la pili."

Bega la kushoto la koti likapanda nusu inchi, likashuka. Ndivyo baba yake alivyokuwa akicheka. Kisha mkono ukaashiria mlango, kwa adabu lakini bila kupoteza muda, maana kulikuwa na watu kwenye foleni.

Habari katika mji mdogo haina haja ya miguu. Kufikia mchana benchi lilijaa, foleni ikateremka ngazi, ikapita kabati la kombe, ikatoka nje. Mzee mwenye kofia alitoka na kibali cha mtaro mkononi, akaenda nacho hadi getini, akasimama. Hakuwa na mpango wowote wa siku hiyo zaidi ya kusubiri. Akarudi akakaa kwenye sehemu yake ya benchi, kwa mazoea, mpaka jioni.

"Linasikiliza hilo," mama mmoja wa foleni akawaambia wenzake. "Mwenyewe tangu lini akasikiliza?"

"Koti lina masikio?"

"Lina mifuko. Unalieleza, linaweka mfukoni. Mwenyewe mifuko anayo pia, lakini haiingii maneno."

"Shh," dada wa mapokezi akasema. "Mnacheka kwa sauti."

Nipo Njiani alipopelekewa taarifa bandani kwake alifurahi sana. Alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni, akaliangalia koti linavyogonga mihuri, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mzazi kwenye mahafali. "Nilijua nina uwezo," akasema, akaondoka. Wenzake wa vyumba vingine hawakupenda. Wao pia walikuwa na makoti. Wakayapiga pasi, wakayawekea kalamu mfukoni, chumba cha ardhi wakaliachia lao hata miwani. Yakakaa vilevile. Yalikuwa yamekatwa kwa vipimo vya wenyewe.

Jioni ile mwenye koti la mistari akafika kwa fundi, akajikunjua kwenye kiti cha wateja.

"Dada fundi, nishonee koti."

"Nikupime."

"Hapana, hapana. Usinipime mimi." Akashusha sauti. "Tumia vile vipimo."

"Vipimo vya watu sigawi."

"Nakuomba kama mdogo wako. Nina mafaili ya tangu mafuriko."

"Basi uyafungue, mdogo wangu. Yanafunguka kwa vidole tu."

Mtu huyo akacheka, akidhani ametaniwa, akaondoka. Fundi akafunga daftari, akaliweka chini ya godoro. Ukweli ni kwamba hakuwa na wasiwasi wa kitu chochote wiki ile. Jumatano alivusha watoto kumi na mmoja akihesabu siku. Alhamisi alimwambia dereva wa lori, kwa kunong'ona, kwamba Jumatatu atayakuta matuta, na dereva akamwambia, kwa kunong'ona, kwamba Mungu ampe maisha marefu, maana hata yeye ana watoto ila tajiri wake anataka tripu nane kwa siku.

Tatizo lilikuwa muhuri. Kong, kong, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa moja usiku. Koti halikuiona saa ya mzunguko, dirisha la chumba namba tisa linatazama upande mwingine. Jirani wa manispaa, mama mwenye nyumba ya kulala wageni, akaandika barua ya malalamiko: miaka ishirini aliyokaa pale hajawahi kusikia sauti ikitoka jengo lile. Mfamasia akasema anashindwa kulala mchana. Na waamuzi wa Kombe walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi.

Alhamisi jioni baraza likakaa. Dada wa mapokezi ndiye aliyeandika muhtasari, kwa hiyo Ijumaa mji mzima ulijua neno kwa neno. Mjumbe wa kwanza aliuliza kama koti lina haki ya likizo. Mjumbe wa pili akapendekeza wapewe wote likizo, koti na wenyewe. Wa tatu akasema lifukuzwe. Mkurugenzi, ambaye alikuwa mtu wa hekima na shingo nene, akawaambia hawajui uongozi.

"Mfanyakazi mwenye kelele hafukuzwi," akasema. "Anapandishwa cheo."

Wakapiga makofi kwa vidole viwili, ndivyo ilivyoruhusiwa. Ijumaa mchana koti likatundikwa kwenye hanga ya mbao na kupandishwa ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye zulia, mapazia mazito na kiti cha ngozi kinachozunguka. Likapewa sekretari. Likapewa simu ya ofisi, ikatumbukizwa kwenye mfuko wa kifuani. Cheo chake kilikuwa kirefu, Mratibu Mkuu wa Masuala Mtambuka, na katika masuala hayo hakuna lililohitaji muhuri.

Fundi aliposikia alifurahi kidogo, tuseme ukweli. Baba yake alipanda zile ngazi mara ngapi, na mkoba begani, na hakuwahi kuambiwa akae.

Jumatatu ikafika. Fundi akashona kifungo, cha kijani safari hii, akamshika mtoto mkono. Barabarani hapakuwa na pipa la lami, wala koleo, wala mfanyakazi mmoja amelala kwenye toroli. Akasema labda watakuja saa nne. Akavusha watoto kumi. Wa kumi na moja alikuwa Kidoti mwenyewe, aliyekuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, akasikia mama anaita, akakimbia. Lori lilikuwa limewasubiri wale wengine wapite, na dereva, akidhani watoto wameisha, alikuwa amekanyaga mafuta. Halikupiga honi. Lilichukua begi.

Begi tu. Liliondoka mgongoni mwa mtoto kama linavyovuliwa, likaenda mita ishirini chini ya tairi. Kidoti akabaki amesimama na mkanda mmoja begani, anaushangaa.

"Mama," akasema, "chaki zangu."

Fundi akamshika, akampapasa kichwa, mikono, magoti, kama anavyopapasa nguo kutafuta pini iliyosahaulika. Hakuna pini. Akamfikisha darasani, akarudi, akaokota begi. Lilikuwa limekuwa bapa kama bahasha, na ndani yake unga mweupe. Akalitia kwapani, akaenda manispaa moja kwa moja, bila kupitia nyumbani, kitambaa chekundu bado kiko mkononi.

Dada wa mapokezi alikuwa kidole cha saba.

"Yupo," akasema.

Kwenye kiti cha chumba namba tisa kulikuwa na skafu. Ilikuwa ya mke wa Nipo Njiani, ya maua, imefungwa fundo kwenye mgongo wa kiti ili isianguke.

"Matuta yangu yalikuwa leo," fundi akasema.

"Ni kweli. Lakini agizo lilitolewa na koti likiwa chini, na sasa koti liko juu. Agizo la chini lazima lithibitishwe na anayekalia kiti."

"Anayekalia kiti ni nani?"

"Skafu si unaiona?"

"Skafu inafanya kazi?"

Dada akaangalia skafu, akamwangalia fundi, akaliangalia begi. Akaweka chini brashi ya rangi. Kwa mara ya kwanza katika safari zote kumi na tano aliongea kama mtu anayeongea na mtu. "Fundi," akasema, "hiyo ni skafu. Panda juu ukalione lenyewe. Sema nimekutuma mimi."

Fundi akapanda ngazi, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zulia lilikuwa nene kiasi kwamba alijiona amekuwa kiziwi. Sekretari alikuwa nyuma ya meza kubwa, anakata karatasi nyeupe vipande vinavyolingana.

"Namtaka Mratibu."

"Ametoka kidogo."

Fundi akatazama juu ya bega la sekretari. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kiti cha ngozi, limetulia, kola imenyooka, lilikuwa koti.

"Si lile pale?"

"Lile ni koti tu, mama," sekretari akasema kwa upole. "Lenyewe limetoka."

"Limekwenda wapi?"

"Lipo. Koti si unaliona?"

Fundi akaliona. Akaliangalia kama fundi, kuanzia juu. Na hapo ndipo alipoona mabega. Yalikuwa sawasawa, yote mawili, yamejaa na kusimama kama ya askari wa gwaride. Mtu alikuwa amefumua bitana na kutia sponji, tena bila ustadi, mshono wa nje ulikuwa umevutwa.

"Nani kalishika hili koti?"

"Mkurugenzi alilipeleka kwa fundi wa karibu na benki, Jumamosi. Kwa cheo kile haikufaa bega moja liwe chini. Watu wangedhani linabeba kitu."

"Niruhusu dakika tano. Nifumue tu."

"Uombe kwa maandishi."

"Kwa nani?"

Sekretari akageuka, kwa heshima kabisa, akalitazama koti.

Fundi hakupiga kelele. Ulikuwa mji mtulivu, na yeye alizaliwa humo, kelele alikuwa hajui inapoanzia. Alisogea mlangoni, sekretari hakumzuia, kuangalia hakukuwa na masharti. Akalitoa begi kwapani, akaliinua juu lionekane, hivi, kwa mikono miwili, kama anavyomwonyesha mteja nguo iliyokwisha. Unga wa chaki ukamwagika kidogo kwenye zulia. Koti halikusogea. Kiti ndicho kilizunguka, taratibu, kwa sababu ya upepo wa feni, kikampa mgongo.

"Naomba namba yake ya simu," fundi akasema.

Namba alipewa. Namba hawakuwahi kumnyima mtu.

Mchana fundi alikaa kwenye cherehani kutengeneza begi. Alilifumua lote, akalipiga pasi, akaweka mkanda mpya kutoka kwenye suruali ya jinzi. Lilipokamilika akalitundika ukutani, akatoa daftari chini ya godoro, akafungua ukurasa wa kwanza. Mkono, inchi ishirini na tano. Kifua, arobaini. Bega la kushoto, punguza. Alikuwa na kitambaa cha kutosha koti lingine. Alikipima kwa macho, akakigusa, akakirudisha. Angeshona, wangelitundika, lingegonga muhuri siku nne. Sponji zilikuwa tele pale karibu na benki.

Akachukua simu. Aliandika, akafuta, akaandika upya. Aliyekuwa anamwandikia hakupenda maneno mengi kwenye bahasha.

*Baba, ni mimi. Lori limechukua begi. Kesho anavuka tena saa moja na nusu. Matuta matatu tu.*

Akatuma. Tiki moja ikatokea, halafu ya pili. Imefika.

Akaiweka simu kwenye mfuko wa aproni, akachukua kitambaa chekundu, maana shule ilikuwa inatoka. Barabarani watoto walikuwa wanamsubiri ng'ambo, wamejipanga, na mzee mwenye kofia naye alikuwa amekuja kuvuka. Mtaro wake ulikuwa bado umeziba. Kibali alikuwa nacho mfukoni, kimekunjwa vizuri, kila mtu alishakiona.

"Vipi kule juu?" akamuuliza fundi.

"Lipo," fundi akasema.

Akaingia katikati, akainua kitambaa. Lori la kokoto likasimama hatua tatu kutoka alipo. Watoto wakavuka, Kidoti wa mwisho, amekumbatia mkanda mmoja wa begi la zamani. Lori la pili likasimama nyuma ya la kwanza, la tatu nyuma ya la pili, hakuna aliyepiga honi, na mji ukaendelea kupumzika. Fundi akatoa simu kwa mkono mwingine, akaangalia. Tiki zote mbili zilikuwa zimegeuka bluu, ujumbe umesomwa, tangu saa tisa na nusu. Akasimama pale na kitambaa juu, akiisubiri simu itetemeke, mpaka dereva wa kwanza akatoa kichwa na kumnong'oneza kwamba watoto wameshaisha.